Kasi si tatizo, foleni ndiyo tatizo

Wiki mbili zilizopita sikuandika msimbo wowote wa kujivunia. Nilikuwa napima foleni. Wi-Fi ya nyumbani ilikuwa imeanza tabia ya kuganda kila jioni, na kwa kuwa ndiyo njia ninayopatia mkate wangu, niliamua kuishughulikia kama hitilafu yoyote ile ya programu: ipimwe kwanza, lawama zije baadaye. Haya ndiyo niliyoyapata. Ni marefu kidogo, kwa hivyo weka chai.

Tuanze kwa kutenganisha mambo mawili ambayo matangazo ya intaneti huyafanya kuwa kitu kimoja. Kuna kasi na kuna ukawiaji. Kasi ni kiasi cha data kinachopita kwa sekunde moja, ile 20 Mbps au 40 Mbps unayolipia kila mwezi. Ukawiaji ni muda ambao kipande kimoja cha data, yaani pakiti, huchukua kufika kule na jibu lake kurudi. Ukijaza diski ngumu kwenye basi la usiku la kutoka Mombasa, hadi juu kwenye keria, basi hilo litafikisha Nairobi data nyingi kuliko faiba yangu inavyoweza kubeba kwa mwezi mzima. Lakini huwezi kumpigia mtu simu kupitia basi. Kasi ipo, tena ya kutisha, ila jibu litakuja kesho kutwa.

Sisi Wakenya tulipaswa kulijua hili kuliko watu wengi. Kabla ya 2009 intaneti yetu ya kwenda ng'ambo ilitegemea setilaiti, na setilaiti za aina ile hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Swali lako lipande na kushuka, jibu lipande na kushuka, hiyo ni safari ya zaidi ya kilomita 143,000. Hata mwanga wenyewe huimaliza kwa karibu nusu sekunde. Ungelipa pesa zote za dunia ukaongezewa kasi mara mia, nusu sekunde ile ingebaki palepale. Zaidi ya hayo, kabla ya kituo cha KIXP kuanza kubadilishana data hapa hapa nchini (kilifunguliwa mwishoni mwa 2000, kikafungwa kwa amri ya mdhibiti muda mfupi baadaye, kikarudi Februari 2002), barua pepe kutoka ofisi moja ya Nairobi hadi ofisi ya jirani ingeweza kupelekwa nje ya nchi kwanza ndipo irudi. Halafu kebo ya SEACOM ikafika Mombasa Julai 2009, TEAMS ikawaka mwaka huohuo, EASSy ikafuata 2010, na umbali ukaacha kuwa kisingizio.

Leo, nyumba ikiwa imelala, ping kutoka laptopu yangu hadi seva iliyoko hapa Nairobi huchukua milisekunde 6. Sita! Kwa hivyo ilipofika jioni na namba hiyo ikawa 900, nilijua tumejirudishia setilaiti wenyewe, tena mbaya kuliko ile ya zamani, mahali fulani kati ya sebule na barabara.

Sasa nieleze kwa nini sikuweza kuvumilia tu kama watu wengine. Nafanya kazi na timu iliyoko Ujerumani, na kila siku saa kumi na mbili jioni tuna mkutano wa dakika ishirini. Saa hiyohiyo ndiyo nyumba yetu inajaa. Ukikawia kwenye mkutano wa namna hiyo huonekani kama mtu mwenye intaneti mbovu, unaonekana kama mtu asiye na la kusema. Unaanza kujibu, kumbe mwingine ameshaanza, wote mnanyamaza, mnaanza tena pamoja. Mkuu wa timu, kwa adabu zote, aliniandikia akiuliza kama ningependa kuhamishiwa kazi zisizohitaji mikutano. Mkataba wangu unajadiliwa upya mwisho wa mwaka. Ninajua maana ya swali kama hilo.

Na ndani ya nyumba mshukiwa alikuwa ameshapatikana kabla ya uchunguzi. Mpwa wangu anakaa nasi akisoma chuo, na jioni hucheza mpira kwenye kompyuta na wenzake. Mke wangu alikuwa ameshapitisha hukumu: ni ile michezo inayokula intaneti. Kijana hakubishana. Alianza kwenda kucheza saiba ya mtaa wa pili, akawa anarudi saa tatu na nusu usiku, na dada yangu kule Nakuru akaanza kunipigia simu kuuliza mwanawe anatembea wapi usiku. Hapo ndipo nikaona hili si jambo la kuvumilia mpaka wikendi.

Nilipigia kampuni inayotuletea faiba. Kijana wa huduma kwa wateja alipima akaona kasi iko sawa, akanishauri nipande kifurushi cha juu. Sikupanda. Alipima saa nne asubuhi nyumba ikiwa tupu. Ni kama kupima msongamano wa Barabara ya Mombasa saa tisa usiku na kutangaza kwamba hakuna tatizo.

Kipimo chenye maana ni kile kinachofanywa njia ikiwa imejaa. Nacho hakihitaji programu ya kununua. Fungua dirisha mbili za amri. Ya kwanza ipigie ping ruta yako, ambayo kwa nyumba nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ya pili ipigie seva ya nje, mimi hutumia 8.8.8.8 na seva nyingine ya hapa nchini. Ziache zikimbie. Kisha pakia faili kubwa mahali popote, video ya dakika kumi hivi, uangalie namba. Baada ya hapo pakua kitu kikubwa, uangalie tena. Fanya hivyo kwenye laptopu iliyochomekwa kwenye stima, usitumie simu, kwa sababu simu hulaza redio yake ya Wi-Fi ili kuokoa betri na itakupa namba za kuchekesha ambazo hazina uhusiano na mtandao wako.

Ukiona ping ya ruta imetulia na ya nje imeruka, tatizo liko kwenye mlango wa kutokea. Ukiona ping ya ruta yenyewe inaruka, tatizo liko hewani, ndani ya nyumba. Watu wengi hukimbilia kununua ruta yenye antena sita kabla ya kujua ni lipi kati ya hayo mawili. Mimi nilikuwa na yote mawili, ila si kwa kiasi sawa. Kwangu sebuleni ping ya ruta ilibaki kati ya 2 na 5 hata jioni. Ya nje ndiyo iliyokuwa 900.

Kisha nikaangalia nani anatumia nini. Mchezo wa mpwa wangu ulikuwa unatuma na kupokea kama kilobiti 80 kwa sekunde. Hiyo ni chini ya asilimia moja ya njia yetu ya kupakia, ambayo ni 10 Mbps. Michezo ya mtandaoni hutuma pakiti ndogondogo, nyingi, zenye haraka: mchezaji yuko hapa, mpira uko pale. Yeye alikuwa majeruhi, si mhalifu. Yeye na mimi tulikuwa tunalalamikia kitu kimoja.

Njia ilikuwa imejazwa na simu mbili za mke wangu. Anauza nguo mtandaoni. Asubuhi anachagua mitumba Gikomba, mchana anapiga picha na video za kila blauzi, mbele na nyuma, na jioni akifika nyumbani simu zinaona Wi-Fi na kuanza kupeleka kila kitu kwenye hifadhi ya wingu zenyewe, bila yeye kugusa kitu. Gigabaiti mbili, tatu, kila siku, kuanzia kama saa kumi na mbili kasorobo. Sasa, usikimbilie kusema azime. Picha hizo ndizo karo ya watoto. Na hata angezima, kesho itakuwa kompyuta inajisasisha, keshokutwa mgeni mwenye simu mpya. Mtandao ambao unahitaji watu wapangiane zamu kama bomba la maji la mtaa haujatengenezwa vizuri.

Swali la kweli ni hili: kwa nini kupakia picha kumzuie mtu kuongea? 10 Mbps inatosha picha na sauti kwa pamoja na kubaki. Jibu ni foleni.

Kila kifaa cha mtandao kina bafa, yaani sehemu ya kumbukumbu ambapo pakiti husubiri zamu ya kutoka. Bafa ni kitu kizuri ikiwa ndogo. Inameza mafuriko ya ghafla. Lakini kumbukumbu ilipokuwa bei rahisi watengenezaji wakaweka bafa kubwa, wakiamini kwamba kupoteza pakiti ni aibu. Chukua ukawiaji wangu wa milisekunde 900 kwenye njia ya 10 Mbps: hizo ni megabiti 9 zinazosubiri, kama pakiti 750 kubwa zilizopangwa mstari mmoja. Pakiti ya sauti yangu ikifika inaenda nyuma ya mstari. Haijalishi ni ndogo kiasi gani. Umewahi kuona malori yanavyosubiri kwenye mzani kule Mlolongo, mji ambao jina lake lenyewe maana yake ni foleni? Sasa mfikirie mwenye bodaboda anayepeleka dawa, akiambiwa apange nyuma ya malori yote ya saruji na naye apimwe. Hiyo ndiyo sauti yangu ikienda Ujerumani.

Ubaya zaidi ni kwamba bafa kubwa huficha habari. TCP, itifaki inayobeba upakiaji wa picha, huongeza mwendo taratibu mpaka ipate ishara kwamba njia imejaa, na kwa kawaida ishara hiyo ni pakiti kupotea. Utaratibu huo Van Jacobson aliuandika mwaka 1988, baada ya intaneti ya wakati ule kuporomoka Oktoba 1986 kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na chuo kikuu cha jirani, kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Arobaini tu. Sasa weka bafa kubwa katikati: pakiti haipotei, inasubiri tu, na simu ya mke wangu inaendelea kuamini njia iko wazi na kumwaga zaidi. Foleni haitaisha mpaka picha ziishe.

Ndiyo maana kupanda kifurushi hakungesaidia sana. Bafa ileile kwenye 20 Mbps ingekuwa na ukawiaji wa milisekunde 450 badala ya 900. ITU, katika pendekezo lake G.114, inataka sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja ili watu waongee bila kugongana. Ningelipa zaidi kila mwezi ili nigongane kidogo. Na runinga isingekusaidia kugundua tatizo hili, kwa sababu video hujipakulia dakika nzima mbele ya unachotazama. Runinga ikitiririka vizuri huku simu ikikatika ni dalili kubwa ya foleni.

Si mimi niliyegundua haya, bila shaka. Jim Gettys, mmoja wa watu waliotengeneza mfumo wa X Window, alikumbana nayo nyumbani kwake akinakili mafaili makubwa, akaona ukawiaji unapita sekunde moja, na mwishoni mwa 2010 akaanza kuandika hadharani kuihusu. Alipenda kueleza kwamba bafa zimevimba. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson (ndiyo, yuleyule wa 1988) wakatoa CoDel, na wazo lake ni rahisi kiasi cha kukuudhi kwamba hukulifikiria wewe. Usipime urefu wa foleni, pima muda ambao pakiti imesubiri. Foleni fupi inayoisha haraka haina shida. Lakini pakiti zikiendelea kusubiri zaidi ya milisekunde 5 kwa muda wa milisekunde 100, anza kutupa moja moja, ili TCP ipate ishara na ipunguze mwendo. Mwaka huohuo Eric Dumazet akaiunganisha ndani ya Linux na utaratibu wa kugawa foleni: kila mazungumzo yapate mstari wake, na yule mwenye pakiti chache apite mbele. Hiyo ndiyo fq_codel, na mwaka 2018 ikaandikwa rasmi kama RFC 8290. CAKE, ndugu yake mdogo aliye mwerevu zaidi, iliingia Linux 4.19 mwaka huohuo wa 2018. Mtu aliyezisukuma kazi hizi kwa miaka mingi, Dave Täht, alifariki Aprili 2025. Ukipata mkutano wa video usiokatika nyumbani kwako, yeye ana mkono wake hapo.

Haya, tuje kwenye kurekebisha.

Tatizo la kwanza ni kwamba foleni haiko mahali unapoweza kuigusa. Iko ndani ya kile kisanduku cha faiba kilichoachwa na fundi, na kisanduku hicho hakina fq_codel wala CAKE. Ujanja ni kuihamisha foleni. Unaweka ruta yako nyuma ya kisanduku na kuiamuru isipitishe hata siku moja zaidi ya kiasi kilicho chini kidogo ya uwezo wa njia. Njia yangu ni 20 kushuka na 10 kupanda, nikaweka 18 na 9. Kwa kuwa kisanduku cha faiba hakijazwi tena, bafa yake inabaki tupu, na foleni yote inajengeka kwangu, ambapo CAKE inaipanga kwa haki. Unatoa sadaka asilimia kumi ya kasi, unarudishiwa uhai.

Ruta yangu ni ya zamani, niliinunua mtumba katikati ya jiji, nikaiwekea OpenWrt. (OpenWrt ilizaliwa 2004 kutokana na msimbo wa ruta ya Linksys WRT54G, ambao kampuni ililazimika kuuweka wazi 2003 kwa sababu ya leseni ya GPL. Mara nyingine wanasheria huleta mema.) Ndani yake unasakinisha luci-app-sqm, unachagua mlango wa nje, unaandika kasi mbili kwa kilobiti, unachagua cake, unahifadhi. Dakika tano. Wenye MikroTik, ambao hapa mjini ni wengi, wana CAKE na fq_codel kuanzia toleo la 7 la RouterOS. Kabla hujanunua chochote, ingia kwenye ruta uliyonayo utafute sehemu iliyoandikwa QoS au SQM. Baadhi zinayo na imezimwa. Jihadhari na jambo moja: kazi hii hutumia prosesa ya ruta. Kwenye 20 Mbps hata ruta dhaifu haitokwi jasho, lakini ukiwa na njia ya mamia ya Mbps, ruta ndogo itashindwa na yenyewe itakuwa ndiyo msongamano. Angalia mzigo wa prosesa ukipakua.

Usiandike kasi iliyo kwenye risiti. Andika kasi uliyoipima jioni, mara kadhaa kwa siku tofauti, uchukue ile ya chini kisha upunguze asilimia tano hadi kumi na tano. Ukiweka juu mno foleni inarudi kwenye kisanduku kimyakimya na utadhani CAKE haifanyi kazi.

Matokeo: picha zikipakia kwa nguvu zote, ping ya nje ni milisekunde 14. Kutoka 900. Picha nazo zinafika, zimechelewa dakika chache tu. Mke wangu alipima kasi kwenye simu, akaona namba imeshuka kutoka 20 hadi 18, akaniuliza kama nimeharibu kitu :-) Kijana alicheza mechi mbili sebuleni akiwa ameweka miguu kwenye meza, jambo ambalo lilileta mjadala mwingine kabisa. Mkuu wa timu aliandika sentensi moja: sauti yako leo ni safi, umenunua maikrofoni mpya?

Baada ya hapo ndipo nikageukia hewa. Hapa sheria ya kwanza ni kwamba kwenye chaneli moja ya Wi-Fi anaongea mmoja tu kwa wakati. Wengine wote wanasubiri, wakiwemo wa jirani. Pakiti kamili ya baiti 1,500 ikitumwa kwa 100 Mbps hushika hewa kwa milisekunde 0.12. Simu mzee iliyo chumba cha mwisho, inayoongea kwa 1 Mbps kwa sababu mawimbi yamepita kuta mbili za mawe, hushika hewa kwa milisekunde 12 kwa pakiti hiyohiyo. Mara mia. Huyo mmoja anaweza kuwakalisha wote, hata kama anatuma kidogo. Kwa hivyo nilizima mwendo wa kizamani wa 802.11b kwenye ruta, kwani hakuna kifaa nyumbani kinachouhitaji. Pia nilichomeka runinga na kompyuta ya kijana kwa waya. Kila kifaa kisichotembea kinachoondoka hewani ni zawadi kwa vile vinavyotembea. Kebo ya Cat 5e inafanya kazi hadi mita 100, na sebule yangu haifiki huko.

Upande wa chaneli, nilikaa sebuleni nikahesabu ruta 23 za majirani kwenye 2.4 GHz. Ghorofa za Nairobi ndivyo zilivyo. Chaneli ziko nyingi kwa jina, ila zinapishana kwa megahezi 5 tu huku kila ruta ikitumia upana wa 20, kwa hivyo zisizogusana ni 1, 6 na 11. Kuna majirani wawili wamekaa chaneli ya 3 na ya 9, bila shaka wakiamini wamepata mahali patulivu. Ukiwa chaneli moja na jirani mnasikiana na kupeana zamu. Ukiwa katikati, wewe kwake ni kelele na yeye kwako ni kelele. Nilichagua 11, upana wa 20, nikaacha. Simu na laptopu zote zenye uwezo nikazihamishia 5 GHz, ambako chaneli ni nyingi na majirani ni wachache, ila mawimbi yake hayapendi kuta zetu. Kisha nikaiondoa ruta nyuma ya runinga, pale fundi alipoiacha kwa sababu ndipo waya wake ulipoishia, nikaipandisha juu ya kabati. Chumba cha kulala kilipata afueni palepale.

Kuna kisichorekebishika. Ping yangu hadi seva ya kazi kule Frankfurt haitashuka chini ya milisekunde mia na kitu, hata ruta ikibarikiwa. Ndani ya uzi wa faiba mwanga husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, na kebo hazikati moja kwa moja kwenda Ulaya, zinazunguka na bahari. Namba hiyo naikubali kwa sababu haibadilikibadiliki. Anayekawia kwa muda uleule kila mara unaweza kumzoea.

Kilichobaki ni jikoni, ambako mke wangu hufungia mizigo ya wateja na kupiga picha za mwisho. Pale kuna ukuta wa mawe, friji, na maikrowevu inayopiga kelele karibu na megahezi 2,450, katikati kabisa ya mawimbi ya 2.4 GHz. Ping ya ruta kutoka kule hupanda hadi 200 chakula kikipashwa moto. Dawa ni kupitisha kebo ukutani na kuweka kituo kidogo cha pili. Landilodi anasema kutoboa ukuta kunahitaji barua. Barua nimeshaiandika, nimemwekea na mchoro. Hajajibu bado.